Kuchonga na kutia nakshi kwenye udongo wa silva: kabla ya kuchoma au baada?

Kidani_Ilemela (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada kwa wanaofanya kazi na udongo wa silva, ule wa unga wa fedha safi uliochanganywa na maji na gundi inayoungua motoni. Kazi yenyewe ni kidani cha sangara. Kikishamalizika kiwe na urefu wa milimita 40, mbele magamba, nyuma jina la mteja lenye herufi nane. Udongo ni PMC3, aina mojawapo ya udongo huo. Nausukuma kwa unene wa karata sita, kama milimita 1.5, nauacha ukauke, nachonga, kisha nachoma kwa tochi ya gesi.

Kingo za magamba zinabanduka vipande vidogo, hasa mistari miwili inapokutana. Herufi zinaonekana safi kabla ya moto, lakini nikishapiga msasa na kung'arisha zinafifia, nyingine zinazibika kabisa. Na nikizipitia upya kwa kalamu ya chuma baada ya kuchoma, kalamu haikati, inararua. Mstari unatoka na kingo zilizochanika.

Sasa magamba na herufi zichongwe lini hasa? Na kwa vifaa gani ambavyo mtu anaweza kuvipata au kujitengenezea hapa Mwanza? Kukauka nako kumekuwa shida tangu mvua zianze.

---

PatasiNdogo (Musoma)

Mkuu, tuanze na bamba. Milimita 1.5 ni nyembamba kwa kazi ya kuchonga. Kina cha mchongo kisizidi theluthi ya unene, kwa hiyo hapo una milimita 0.5 tu ya kuchezea, na wewe unachonga pande zote mbili. Magamba mbele, herufi nyuma, katikati kumebaki nini? Panda hadi karata nane, yaani milimita 2. Karata nne ni kama milimita moja.

Vipimo vya nje pia. PMC3 husinyaa asilimia 10 hadi 12 ikichomwa sawasawa. Ukitaka milimita 40 baada ya moto, gawa kwa 0.89, utapata karibu 45. Chora samaki wako kwa milimita 45. Kumbuka mfereji nao unasinyaa, upana na kina, kwa hiyo mstari mwembamba kuliko nusu milimita kwenye udongo usiutegemee.

Herufi kuzibika kunatokana na mpangilio wa kazi. Unachonga kwanza, unapiga msasa baadaye. Msasa unafanya mambo mawili kwa pamoja: unashusha uso wa bamba, kwa hiyo kina kinapungua, na vumbi lake linalala mferejini. Vumbi lile ni silva. Likipata unyevu kidogo, hata wa pumzi au wa kidole, linarudi kuwa udongo, ukichoma linakuwa chuma. Hapo herufi imejazwa na silva yako mwenyewe. Geuza mpangilio. Bamba likishakauka, lisawazishe juu ya kioo kwa msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000. Lifute kwa brashi kavu. Ndipo uchore kwa penseli laini na kuanza kuchonga. Penseli itaungua, usiwe na wasiwasi nayo. Baada ya kuchonga usiguse uso kwa msasa tena, labda mpigo mmoja mwepesi sana wa 1200 uliofungwa kwenye kijiti bapa, na mara moja upige brashi kavu kwenye kila mfereji.

Kingo kubanduka: angalia makali, mwinuko wa mkono na uelekeo.

Makali. Kifaa butu hakikati udongo mkavu, kinauvunja. Kwa patasi za mfereji wenye umbo la U, tafuta mwavuli uliovunjika. Zile mbavu zake za chuma zilizokunjwa ni patasi tayari. Kata kipande cha sentimita 6, nolea ncha kwa nje kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, toa makapi ya ndani kwa uzi uliopakwa dawa ya kung'arishia, kisha isugue kwenye ukanda wa ngozi. Mbavu za mwavuli mdogo wa mkoba zinatoa mfereji mwembamba, za mwavuli mkubwa zinatoa mpana. Kwa mfereji wa V, chukua msumari wa zege au kipande cha msumeno wa chuma, ila uzamishe kwenye maji kila sekunde chache wakati wa kunoa kwa mashine. Ukibadilika rangi kuwa buluu, makali yake hayatadumu. Udongo wa silva unakula makali haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi rudi kwenye ngozi.

Mwinuko. Laza kifaa, nyuzi 20 hadi 30 kutoka kwenye bamba. Ukisimamisha kinachimba na kurusha vipande. Kina cha nusu milimita kipatikane kwa mipito minne au mitano, kila mmoja ukitoa utepe mwembamba. Tazama kinachotoka: vikunjo vifupi au chenga laini ni sawa. Vikitoka vibamba, kifaa ni butu au unakwenda kina kikubwa. Kikitoka kitu kinachovutika na kuacha ukingo uliovimba, udongo bado una maji.

Uelekeo ndio unaokutesa kwenye makutano. Usiusukume mstari ukaja kutokezea kwenye mfereji ambao tayari umekatwa, kwa sababu pale mwishoni hakuna udongo wa kuushikilia ukingo. Anzia kwenye makutano, ingiza ncha, kisha sukuma kwenda mbali nayo. Kwa upinde wa gamba, zungusha bamba kwa mkono wa kushoto na uache wa kulia umetulia. Bamba lilale juu ya kipande cha mpira wa tyubu kilichokunjwa mara mbili, ili lisiteleze wala kupasuka ukikandamiza.

Kuhusu gamba lenyewe, mstari wa upinde peke yake unatoa samaki wa kuchorwa tu. Ukishakata upinde, teremsha udongo upande wa mkia, pale gamba linalofuata linapochomoza chini ya lile la kwanza. Ukingo wa gamba la mbele ubaki juu, mzizi wa lile la nyuma uwe chini. Anza kwenye shavu, shuka kuelekea mkiani. Na usifuate idadi halisi ya magamba ya sangara. Gamba lisipungue milimita 2.5 kwa upana, la sivyo brashi ya mwisho itayafuta yote.

Palipokwisha kubanduka patibike. Chukua makapi yako ya kuchonga, yatie maji kidogo mpaka yawe uji mzito, weka kwa brashi na uvimbishe kidogo kwa sababu uji unasinyaa ukikauka, kausha kabisa, kisha kata tena. Tumia makapi ya patasi tu. Vumbi la msasa liweke chupa nyingine, lina chembe za msasa ndani yake.

---

Sonara_Mkongwe (Mwanza mjini)

Magamba sina ugomvi nayo, hayo ni kazi ya udongo mkavu. Herufi ni za chuma, yaani zikatwe baada ya kuchoma, udongo ukishakuwa fedha ngumu. Jina la mtu likichongwa kwenye udongo linatoka na kona za mviringo, linaonekana limemwagwa kwenye kalibu. Likikatwa kwenye chuma, mfereji unang'aa wenyewe bila hata kung'arishwa.

Kijana, kalamu yako inararua kwa sababu chuma chako kina matundu. Udongo huu hauyeyuki motoni. Chembe zinashikana zilipogusana, na nafasi za gundi iliyoungua zinabaki kama vijishimo ambavyo jicho halivioni. Silva safi iliyoyeyushwa ina gramu 10.49 kwa kila sentimita ya ujazo, hii iliyotoka kwenye udongo huwa nyepesi kuliko hapo. Kalamu ikipita inaangukia kwenye kijishimo, inatoka kwa kishindo, inabeba ukingo. Ongeza kwamba silva ya 999, yaani sehemu 999 za fedha katika kila 1000, ni laini na inapenda kung'ang'ania kwenye chuma cha kalamu, utapata mchaniko huo.

Dawa ya kwanza ni moto wa kutosha. Mwenye tanuri achome kwa joto la nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa mbili, hapo chuma kinakuwa kimeshikana kadiri udongo huu unavyoweza. Asikaribie 960, silva safi inayeyuka kwenye 962. Mwenye tochi hana uwezo wa saa mbili, kwa hiyo atumie nyundo: uso wa nyuma uwe bapa, uweke juu ya chuma kilichosuguliwa, upigwe kwa nyundo yenye uso uliosuguliwa ukang'aa kama kioo, mapigo mepesi yanayopishana nusu kwa nusu. Kisha sugua kwa chuma cha kukandamizia chenye uso laini, kwa maji ya sabuni, mpaka weupe wote uishe. Sasa una ngozi ya chuma iliyobana. Hiyo ndiyo inayokatika.

Na mbele kuna magamba, kwa hiyo usiyalaze uchi juu ya chuma. Weka ngozi nene chini na upunguze nguvu.

---

PatasiNdogo (Musoma)

Mzee, shikamoo. Hapo kwenye herufi nakubali nusu. Herufi zenye kimo cha milimita 3 na zaidi zinatoka vizuri tu kwenye udongo kama V imenolewa, na mteja ambaye hataki mng'ao mkali anazipenda zaidi. Chini ya hapo ni kweli, ngoja chuma.

---

Kidani_Ilemela (Mwanza)

Shukrani sana, wakuu. Mzee, shikamoo.

Herufi ni milimita 2.5, kwa hiyo naona ni za chuma. Tanuri sina. Nina tochi ndogo ya gesi na jiko la gesi la plate mbili. Je, jiko linafaa? Na kukausha, huwa naweka juu ya mfuniko wa sufuria yenye maji ya moto, lakini bamba linapinda na siku za mvua hata usiku mzima halitoshi. Mzee, naomba pia vipimo vya kunoa kalamu.

---

BintiUkerewe

Kaka, ondoa bamba kwenye huo mfuniko kabla ya mengine yote. Sufuria zetu ni za aluminiamu, na aluminiamu na udongo wa silva havipatani kabisa. Inauchafua, na doa linajitokeza ukichoma wakati huna la kufanya tena. Hata karatasi ya aluminiamu ya kufungia samaki usiuguse nayo. Tumia kioo, kigae cha sakafuni, plastiki, au chuma kisichopata kutu.

Kupinda ni kwa sababu upande mmoja unakauka haraka kuliko mwingine. Kandokando ya ziwa hewa ina maji mengi masika na vuli, kwa hiyo usitegemee kuacha tu mezani. Lilaze kwenye wavu wa plastiki ili hewa ipite chini, ligeuze kila nusu saa mpaka liwe gumu, kisha malizia kwa draya ya nywele kwa umbali wa sentimita 15. Bamba la milimita 2 linataka dakika 20 za draya, dakika kumi kila upande. Kama umeme umekatika, kikaango cha chuma cha chapati kilichopashwa na kuondolewa motoni, juu yake kigae, juu ya kigae bamba. Liwe joto ambalo kiganja kinavumilia.

Kujua kama limekauka, lilaze kwenye kioo baridi kwa sekunde kumi na ulinyanyue. Kama kioo kina ukungu, bado. Usichonge, na zaidi usichome, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke chini ya tochi yanavimbisha uso au kulipasua. Na baada ya kutia uji wa kuziba, kipimo hicho kirudiwe. Wengi hukisahau hapo.

Sasa kuna njia ambayo hakuna aliyeitaja, ya kupata michoro bila kuchonga hata kidogo. Inafaa kwa majani ya gugumaji, kwa mawimbi, kwa herufi nene, kwa kitu chochote chenye maeneo bapa ya juu na ya chini. Bamba likauke kabisa na limalizwe msasa. Chora kwa rangi ya kucha na brashi nyembamba zile sehemu zitakazobaki juu. Tabaka mbili, ya kwanza ikauke vizuri kabla ya ya pili. Kisha chukua sponji laini, uiloweshe na uikamue mpaka isidondoshe hata tone, na ufute uso mzima kwa uelekeo mmoja. Maji yanayeyusha gundi ya udongo ulioachwa wazi, sponji inaubeba, na uliofunikwa unabaki. Suuza sponji kwenye bakuli moja hilohilo kila mara. Tope linalotuama chini ni silva, usilimwage.

Hatari ya njia hii ni papara. Sponji ikiwa na maji mengi, yanaingia chini ya rangi na kula ukingo kwa ndani, halafu mstari mwembamba unang'oka wote na rangi yake. Pia bamba zima linalainika na kupinda. Fanya dakika mbili tatu, liache likauke, rudia. Milimita 0.3 hadi 0.5 ya kina inatosha sana, na bamba lianze na milimita 2. Chini hakutakuwa laini kama kioo, kutakuwa na mikwaruzo midogo ya sponji, na hiyo ni nzuri kwa sababu inashika weusi ukiitia rangi mwishoni. Rangi ya kucha itaungua yenyewe, ila moshi wake ni mbaya, chomea nje.

Kwa sangara wako ningefuta mandhari kwa maji, halafu magamba kwa patasi.

---

Moto_wa_Kagera (Bukoba)

Jiko la gesi linafaa kwa PMC3, mradi kipande kisizidi gramu 25 na kisiwe na kioo wala jiwe ndani. Unahitaji wavu wa chuma kisichopata kutu. Kabla ya kuweka kazi, zima taa, washa jiko hadi mwisho, na utazame wavu: kuna duara linalowaka jekundu na kuna sehemu zinabaki nyeusi. Hilo duara jekundu ndilo mahali pake. Zima jiko, weka kidani hapo, washa tena. Kitatoa moshi na mwali mdogo kwa sekunde kadhaa, hiyo ni gundi. Kikishawaka rangi ya machungwa iliyofifia, hesabu dakika kumi kamili. Ukiona wavu hauwaki popote, gesi imepungua kwenye mtungi au kuna upepo. Huku ufukweni upepo wa mchana unapoza moto bila wewe kujua, kwa hiyo kinga kwa matofali pande tatu, usizibe zote nne, moto unahitaji hewa.

Kwa tochi: weka juu ya tofali la kuchomea. Mwali uuzungushe kwa umbali wa sentimita 2 au 3, usiuache sehemu moja. Gundi ikishaungua na kipande kikawaka waridi lenye umachungwa, anza kuhesabu: dakika 2 kwa kipande cha hadi gramu 15, dakika 4 au 5 kwa kinachofika gramu 25. Mwanga wa kipande ukififia, sogeza karibu. Uso ukianza kumetameta kama maji, ondoa mwali papo hapo, hatua inayofuata ni tone la silva. Fanyia kivulini. Juani huwezi kuona rangi hiyo, na watu wengi wanaochoma barazani mchana wanachoma pungufu kwa kuogopa kuyeyusha.

Kipimo cha kujua moto umetosha ni rula ya vernia, ile yenye taya mbili za kubana kitu. Pima urefu kabla na baada. Kama 45 yako imekuwa 43, bado, gundi imetoka lakini chembe hazijashikana, na kipande hicho kitakatika ukikikunja. Rudisha motoni. Kinaweza kuchomwa tena mara nyingi bila madhara.

Mkaa sikushauri. Si kwamba hauna joto la kutosha. Mkaa ukipigwa mvukuto unapita 962 kirahisi, na jikoni huna namna ya kuona uko wapi.

Jambo jingine, kipande kikitoka motoni kitakuwa cheupe kama chaki. Huo si uchafu wala kutu, ni uso wenye chembe zinazotawanya mwanga. Brashi ya shaba na maji ya sabuni inauondoa. Usikimbilie msasa, utapoteza magamba.

---

Sonara_Mkongwe (Mwanza mjini)

Marahaba.

Kalamu: chukua drili iliyokatika ya chuma kigumu, unene wa milimita 3. Kipande kisizidi sentimita 10 pamoja na mpini, mpini uwe wa mviringo unaojaa kiganjani. Uso wa mbele uunoe kwa nyuzi 45. Pande mbili za chini zikutane kwa V ya nyuzi 90 kwa herufi za kawaida. Kisha ile sehemu ya watu wengi wasiyoijua, kisigino: chini ya ncha kabisa, nolea uso mdogo sana, urefu wa nusu milimita, wenye mwinuko wa nyuzi 15. Huo ndio unaokuruhusu kuinua mpini juu ya kazi na bado ncha ikate kwa mlalo. Bila kisigino kalamu inazama na inakwama. Kisigino kikiwa kirefu, kinasugua kuta za mfereji kila unapopinda, ndiyo maana herufi kama S na O zinatoka na kingo chafu.

Nyuso zote zisuguliwe zing'ae kama kioo, kwanza kwenye jiwe la namba 1000, kisha ngozi yenye dawa. Mkwaruzo wowote ulioko kwenye kalamu utauona ndani ya mfereji. Jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba: ikishika bila kukandamizwa, imenoleka, ikiteleza, rudi kwenye jiwe.

Kidani kishikwe. Yeyusha lakiri, ile nta ngumu inayolainika kwa moto, juu ya kipande cha mti, laza kidani upande wa magamba chini, na lakiri ijae kila shimo, hapo huwezi kuyaumiza. Kikishapoa, chora mistari miwili ya juu na chini ya herufi kwa sindano, weka herufi kwa penseli. Kwa majina, anza kupanga na herufi ya katikati kwenda pande zote, la sivyo herufi ya mwisho itakosa nafasi. Kidole gumba cha mkono wa kalamu kigandamie kazini na kiwe breki. Mkono wa kushoto usikae mbele ya ncha kamwe.

Mpito wa kwanza uwe mwepesi, usizidi sehemu ya kumi ya milimita. Wa pili ufike 0.15 hadi 0.2, basi. Paka tone la mafuta ya cherehani kwenye ncha kila mstari mmoja au miwili ili silva isigande. Ikiganda, usiendelee, itararua. Ifute kwenye kipande cha mti. Ukitaka mstari unene, iinamishe kalamu upande, usiongeze kina. Mwisho wa mstari using'oe kwa kunyanyua. Rudi kutoka upande wa pili ukutane na mkato wa kwanza, kijiutepe kitadondoka chenyewe.

Ukikuta shimo dogo katikati ya herufi, usilichimbe. Lisugue kwa ncha ya chuma cha kukandamizia mpaka lifunge, kisha pita tena.

Mashine ya kuzungusha na vichwa vya daktari wa meno, ile watu wanayopenda: kichwa cha mviringo cha nusu milimita kinafaa kusafisha chini ya magamba. Kwa herufi kinatangatanga. Vichwa vya almasi vinaziba silva upesi, tumia vya chuma vyenye meno na upunguze mwendo.

Kuondoa kwenye lakiri, pasha moto kidogo, toa, kisha loweka kwenye spiriti. Na usipige mhuri wa 925, ule wa fedha iliyochanganywa. Hii ni 999, na mteja akienda kuipima atakuuliza.

---

Kidani_Ilemela (Mwanza)

Nimeelewa, mzee. La mwisho: weusi ndani ya magamba na herufi bila dawa ya dukani?

---

BintiUkerewe

Yai. Lichemshe mpaka kiini kiwe kigumu, kiponde kikiwa bado cha moto, kitie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Kidani kiwe ndani ya kopo hilohilo lakini juu ya kipande cha plastiki, kisigusane na yai, kikigusana linaacha mabaka. Kwanza kioshe kwa sabuni na brashi kutoa mafuta yote ya mzee, kwa sababu palipo na mafuta weusi haushiki. Silva safi inakwenda polepole, kwanza njano, kisha kahawia, kisha kijivu cheusi. Angalia kila nusu saa, na kama imesimama kwenye kahawia badilisha yai. Kisha osha, kausha, na ufute uso wa juu tu kwa msasa 1200 uliofungwa kwenye kijiti bapa. Ukitumia kitambaa kinaingia hadi kwenye mifereji na kutoa weusi wote.

---

PatasiNdogo (Musoma)

Na makapi ya patasi uliyobakiza, tia kwenye chupa ya kioo na maji safi yaliyochemshwa, tone moja la siki ili yasiote ukungu. Ila usijaribu kutengeneza udongo kwa vumbi la tupa la silva ya kawaida kama wengine wanavyouliza kila mara. Chembe za tupa ni kubwa mno, hazishikani kwa moto wa tochi, na nyingi ni 925 yenye shaba ndani, inaungua nyeusi.